Kiti cha Msaili wa Tatu

Ukitoka kwenye intaviu Mombasa na kurudi kijijini Waa, Mwalimu hakukuuliza kama umepita. Hilo waliuliza wengine wote: mama, majirani, hata muuza mahindi ya kuchoma pale Kombani aliyekuona ukishuka na viatu vya kuazima. Yeye alingoja uvue viatu mlangoni, uketi, upewe maji, ndipo akuulize lake.

"Yule wa tatu, asiyesema. Ulimwamkia?"

Ukisema ndiyo, aliuliza jingine kwa sauti ya chini zaidi.

"Akaitika?"

Nilimsikia akiwauliza hivyo watu wengi kabla ya zamu yangu kufika, na kila mara nilikuwa nikiitazama mikono yake. Ilitulia juu ya magoti, ila vidole gumba vilikuwa vikisuguana. Mimi ni mtu wa kuchungulia mambo ya watu, sikatai, na nilikwisha kung'amua kwamba hili la kuitikiwa lilikuwa haja yake yeye, si yetu. Alilitaka kuliko sisi tulivyozitaka kazi.

Na kazi tulizitaka jamani. Ilikuwa baada ya ule mwaka wa fujo za kuwafukuza watu wa bara pwani, wageni wameacha kuja, hoteli za Diani zinafungwa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa mapokezi katika mojawapo, nikaambiwa niende nyumbani nitaitwa, na sijaitwa hadi leo. Wazazi wangu ni watu wa bara waliokuja kulima ploti ya skimu, mashamba yaliyogawiwa na serikali, nyuma ya Ukunda, na baba alikuwa ameanza kusema habari za kuuza na kurudi kwao, mahali ambapo mimi nilipajua kwa picha tu. Wakati huohuo magazeti yalijaa matangazo. Mwaka wa elfu mbili unakaribia, mitambo mikubwa ya zamani iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na makampuni yalitaka watu wa kuisahihisha kabla haijachanganyikiwa. Kila kijana aliyekuwa na cheti cha sekondari alianza kusema kompyuta, kompyuta.

Ukunda palikuwa na vyuo vya kufundisha kompyuta. Mwalimu hakufundisha kompyuta. Alifundisha kuulizwa.

Darasa lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya dadake, Bi Mwanasiti, upande wa chini wa Waa. Hapakuwa na mashine hata moja. Palikuwa na mkeka wa sisi kungojea, ubao mweusi, na upande wa pili wa meza viti vitatu vya wasaili vikiutazama mlango. Mbele ya meza palikuwa na kiti cha nne, cha mwenye kuulizwa. Mwalimu aliketi cha kati. Cha kushoto kwake alimweka mmoja wetu asome maswali. Cha kulia hakuketi mtu.

"Kila intaviu ina mtu mmoja asiyesema," alitwambia siku ya kwanza. "Anayesema sana si kitu. Huyo wa kimya ndiye anayeamua. Ukiingia, usiwaamkie kwa mkupuo. Mmoja mmoja, hadi umfikie yeye."

Kwa hiyo tuliingia mmoja mmoja, tukamwambia msoma maswali shikamoo, ingawa pengine alikuwa rika letu na alikuwa akijizuia kucheka, tukamwambia Mwalimu shikamoo, kisha tukakigeukia kiti kitupu tukakiambia shikamoo. Kisha tukangoja. Lazima ungoje, alisema, muda wa mtu kuweza kuitika. Ungali umesimama, mikono imekunjwa mbele, unatazama mbao za kiti na ukuta wa chokaa nyuma yake, na kuku wa Bi Mwanasiti wanaparura nje. Siku za mwanzo niliona upuuzi mtupu. Baadaye sikuona upuuzi tena, nikawa nakitazama kile kiti kwa pembe ya jicho hata wakati wa zamu za wenzangu, na niliogopa. Sijui nilichokuwa nikiogopa, lakini niliogopa.

Maswali yenyewe aliyajua kama watu wanavyozijua njia za kwao. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha mtambo wa kampuni moja ya bima Mombasa, kile chumba cha baridi kali chenye meinfremu ya ukubwa wa kabati nne, na tepu zinazunguka mchana kutwa. Hitilafu ya S0C7 huletwa na nini? Programu imekuta herufi mahali ilipotarajia nambari. Ufunguo mkuu wa databezi una kazi gani? Watu wawili wasije wakachukuliwa kuwa mmoja. Hayo alitaka yajibiwe kwa Kiingereza kifupi, kisha unyamaze.

"Anayekuuliza hana haja ya jibu," alisema. "Jibu analo tangu nyumbani kwake. Anataka kuona utakavyokaa na swali."

Alipofika kwenye C, lugha ya kuandikia programu, alibadilika, akawa mchangamfu, karibu mcheshi. Alitufundisha pointa kwa nyumba za Waa. Pointa si nyumba, ni maelezo ya kufika kwenye nyumba: pita msikiti, shika kushoto, mlango wa tatu. Ukishika maelezo ukadhani umeshika nyumba, umekwisha. Mmoja wetu akamuuliza, na kama nyumba imebomolewa na maelezo ungali nayo? Ule uchangamfu ukamtoka Mwalimu.

"Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa," akasema. "Utakwenda, utabisha hodi, na utaitikiwa karibu. Lakini anayekuitikia siye mwenyewe."

Aliandika ubaoni mistari ya programu ya kuonesha jambo hilo, na mkono wake ulikuwa umetulia tu kama kawaida.

Wenye kumwona mcha mizimu walikosea sana. Jirani mmoja alipoleta ubani ili chumba kifukizwe, maana watoto wake walikuwa wakikwepa kupita dirishani, Mwalimu alimrudisha na chetezo chake mkononi. "Hapa hapana pepo, bibi. Hapa pana kiti." Alikuwa mtu wa kuswali na kusoma, mambo ya waganga akiyaita uvivu wa kufikiri. Walakini kile kiti alikifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi kwa kitambaa chake maalumu. Mvua za masika zilipopenyeza bati na tone likawa linadondoka juu yake, alikisogeza mahali pakavu, akaketi yeye chini ya tone, akasomesha hivyo hivyo bega likiloa.

Jambo moja nililiona mimi kabla ya wenzangu. Yeye mwenyewe hakukisalimia hata siku moja. Aliingia asubuhi akaziitikia shikamoo zetu, akamuuliza kila mtu hali ya kwao, akakipita kile kiti na kuketi. Akitwambia sisi tukiamkie kwa adabu zote, na yeye akikaa nacho bega kwa bega kana kwamba waligombana.

Kwa maamkizi alikuwa mkaidi kupita kiasi. Mtoto akimpita njiani bila shikamoo, Mwalimu alisimama. Hakukaripia wala kugeuka. Alisimama tu katikati ya njia, hadi yule mtoto aone aibu arudi. Muuza mahindi wa Kombani alijaribu kushindana naye. Mwalimu alifika, akasimama mbele ya jiko, na kijana akajifanya anapepea makaa. Watu wakajaa nyuma wanataka mahindi. Jua linachoma, mahindi yanaungua upande mmoja, hakuna anayesema. Mwishowe mama mmoja aliyebeba mtoto akapiga kelele, "Muamkie mzee wa watu, sisi tuna njaa!" Ndipo kijana akasema shikamoo, na Mwalimu akaitika kwa upole, akaulizia afya ya mamake, akaenda zake bila kununua hata hindi moja. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka zaidi, na sasa nikikumbuka sioni sana cha kuchekesha.

Kisha pakatokea mambo ya Mutua. Mutua alikuwa Mkamba mwenzangu, kijana wa utani, naye aliachishwa kazi ya baa hotelini. Siku ya zamu yake alikiamkia kiti, akangoja, kisha akatugeukia wa mkekani kwa uso mkavu. "Ameniitikia," akasema. "Amesema marahaba."

Tuliangua kicheko. Mwalimu aliinuka kwa kasi hata meza ikasukumika.

"Sauti gani?" akauliza. "Ya kijana au ya mtu mzima?"

"Ai, Mwalimu..."

"Lafudhi ya wapi? Ya mjini au ya kule juu, kwa wafugaji? Alisema marahaba peke yake, au aliongeza neno? Mutua, mwanangu, niambie. Alikuwa na hasira?"

"Mwalimu, mi nilikuwa najoke tu. Si serious."

Mwalimu akaketi polepole, akatwambia darasa limekwisha kwa leo, na tulipokuwa tukivaa viatu nje tulimwona kupitia dirishani yungali palepale, amefunika macho kwa kiganja. Nilimhurumia sana siku ile. Nilimkasirikia Mutua pia, naye alijikasirikia mwenyewe, akarudi keshoye na kilo ya sukari kuomba radhi.

Lakini zamu yake ilipofika tena, Mutua alikiambia kiti shikamoo, akangoja kama ilivyo kanuni, kisha nikaona shingo yake inakakamaa. Hakugeuka kututazama. Alitoka kinyumenyume hadi mlangoni, akachukua viatu mkononi, akaondoka. Hakurudi Waa. Nilimkuta baadaye Ukunda akisaidia katika duka la vipuri, nikamlazimisha aseme.

"Hakuna mtu alisema marahaba," aliniambia, na hakuwa na utani tena. "Nilisikia mtu anahema. Karibu hivi, kama wewe na mimi. Kama mtu amepanda ngazi mbio na hajapata pumzi."

Nilimwambia alikuwa akijisikia mwenyewe. Alinijibu kwamba yeye alikuwa amezuia pumzi.

Zamu yangu ya kwenda Mombasa ilifika. Ilikuwa ni kampuni ileile aliyofanyia kazi Mwalimu, wanatafuta mtu wa kusaidia kupekua programu za zamani na kutafuta kila mahali mwaka ulipoandikwa kifupi. Baba aliahirisha mnunuzi wa ploti hadi nitakaporudi na jibu. Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani, na hakuniuliza swali hata moja la C. "Usimsahau wa tatu," aliniambia, basi.

Chumba kilikuwa orofa ya nne na lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda ngazi taratibu, nikapumzika kila orofa, maana Mwalimu alitufundisha kufika mapema ili upate kupumzika. Nilipoingia nilimkuta mama mmoja wa makamo, mtu wa bara kwa matamshi yake, na mzee mwembamba wa Mombasa, mvi kichwani. Walikuwa na viti vitatu. Mwenzao alikuwa amechelewa. Nilimwamkia mama, akaitika. Nilimwamkia mzee, akaitika. Kisha miguu yangu ikageuka yenyewe, mazoea ya miezi, nikakiinamia kiti kitupu.

"Shikamoo."

Nikangoja. Hapo hapo nikafahamu nilichokifanya na mwili mzima ukanichoma kwa aibu. Yule mama alicheka, si kwa ubaya. Mzee hakucheka. Aliweka kalamu mezani akasema kwa sauti ya kawaida, "Keti, mwanangu," na maswali yakaanza.

Waliniuliza mengi, na mengi yalikuwa yale yale ya Waa. Mama akaniuliza mkwamo ni nini katika databezi. Nilijibu kwa Kiingereza kama nilivyofundishwa: kazi mbili, kila moja imeshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na kila moja inangoja mwenzake aachilie kwanza. Akauliza, hukaa hivyo muda gani? Nikasema, milele, mpaka mmoja alazimishwe kuachilia. Nilimwona mzee akikubali kwa kichwa, ingawa hakuwa akinitazama mimi.

Baada ya intaviu mzee alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Amekufundisha nani kuamkia kiti?"

Nikamwambia. Alishika ukuta wa ngazi akavuta pumzi.

"Nilidhani amekwisha kufa," akasema. "Sisi tulikuwa pamoja katika chumba kile, yeye akiwa mkubwa wetu. Tulikuwa tukisaili watu wa chumba cha mtambo. Akaja kijana mmoja kutoka ndani huko, upande wa Kinango, wao ni watu wa ng'ombe. Alichelewa. Alizipanda ngazi hizi mbio, kaingia hana pumzi, kasema habari zenu, kaketi. Tukamuuliza. Wallahi, hakuna alichokosa. Huyo mwalimu wako alikuwa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, huyu hakuniamkia. Mtu asiyeheshimu wakubwa hataheshimu taratibu za mtambo. Likawa neno lake."

"Na yule kijana?"

"Akateremka ngazi hizi. Kwao hakufika. Mamake alikuja, akawa akishinda pale chini mapokezi na mkongojo wake, akimuuliza kila apitaye, mwanangu mmemweka wapi? Polisi walitafuta, jamaa walitafuta. Mpaka leo hajaonekana, mzima wala maiti. Mwenzetu akaacha kazi mwaka uleule."

Nilizishuka ngazi nimeshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Niliisikia pumzi yangu mwenyewe ikipanda na kushuka, na sikutaka kusikiliza kama ilikuwa peke yake.

Kazi niliipata. Ploti haikuuzwa, baba akapanda minazi mipya, na mimi nikaanza kushinda mbele ya skrini ya kijani nikitafuta tarakimu mbili za mwaka. Lakini Waa sikwenda upesi. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na sikujua nianze na lipi. Nilikwenda Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka, alasiri. Bi Mwanasiti alinipokea uani akiwa jikoni, akanilalamikia kwamba kakake amefunga darasa, hali chakula vizuri, anashinda chumba cha mbele peke yake. "Ingia tu," akasema. "Pengine kwako atafungua mdomo."

Nilivua viatu nikaingia. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha nne, kile cha kuulizwa, akikabili vile vitatu. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitika, akaniulizia wazazi. Kisha vidole gumba vikaanza kusuguana.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitika?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda vya kutosha kumdanganya.

"Hakuitika, Mwalimu. Na kwa nini aniitikie mimi? Mimi hanijui. Nimeambiwa habari yake, orofa ile ile, na mzee mwenzako."

Hakushtuka. Alikubali kwa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia.

"Nilimwona anahema," akasema. "Nilijua amekimbia. Nilijua pia kwamba akipata pumzi ataniamkia. Sikumngoja."

"Basi mbona hujamwambia hivyo? Miaka yote hii unatutuma sisi, watoto wa watu, tumwamkie kwa niaba yako."

"Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Yeye ndiye wa kuanza."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Hapo hasira ikanishinda. Nilimwambia maneno ambayo hatuwaambii wazee wetu, kwamba kiburi hicho kilimpoteza mtoto wa mtu na bado anakifuta vumbi kila asubuhi. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, na nilipomaliza alikuwa akikitazama kile kiti cha kulia, si mimi. Niliinuka nikatoka, nikaketi kwenye kizingiti nje kuvaa viatu, na kwa machozi sikuona vizuri tundu za mkanda.

Nikasikia kiti kikisogezwa ndani. Kisha sauti ya Mwalimu, sauti ya mtu aliyesimama.

"Shikamoo," akasema.

Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, na alilisema neno hilo lote, taratibu, kwa kijana. Kisha akangoja. Hata kuku walikuwa wametulia. Mimi nilikuwa na mkanda wa kiatu mkononi na sikuthubutu kuuvuta.

Sikusikia kitu. Nasema kweli, sikusikia sauti yoyote isipokuwa yake. Lakini nilisikia kiti cha kuulizwa kikilia chini ya mtu anayeketi, na Mwalimu akisema, "Ahsante, bwana." Kitambo kikapita, kiasi cha mtu kuuliza swali. Mwalimu akaanza kujibu, kwa Kiingereza kifupi, jibu zuri la mambo ya tepu. Akanyamaza. Kitambo tena. Akajibu la databezi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayetaka sana kupita. Kisha kitambo kirefu zaidi, kirefu hata nikadhani amezimia, ndipo akarudi kwenye Kiswahili.

"Hilo sijui, bwana," akasema. "Sijui alikwenda wapi."

Bi Mwanasiti alikuwa amekuja kutoka uani na sinia ya chai. Alisimama nyuma yangu akisikiliza, na ndani kakake alikuwa akisema tena, polepole, kwamba hilo pia hajui, aulizwe tu jingine, yeye yupo. Nilimtazama Bi Mwanasiti nikitaka aniambie la kufanya. Alivitazama vikombe viwili vilivyokuwa juu ya sinia, changu na cha kakake, akageuka, akarudi jikoni kuchukua cha tatu.